Walitoa mtoto wa jicho, jicho likafa, sasa hata simu hawashiki

Wadau nimekasirika wacha niandike tu. Kuna kliniki hapa Nairobi, jina naacha juu admin watafunga uzi, walifanyia mbwa wangu, spitz, op ya mtoto wa jicho macho yote mawili. Ana kisukari na walijua, na mbwa wa kisukari huingiwa na mtoto wa jicho haraka sana, wengi ndani ya mwaka hivi, so wasinipee hiyo stori ya ati tulichelewa. "Usijali boss ataona kama zamani," tuma dipositi M-Pesa.

Saa hii jicho la kushoto limevimba, limeingia ukungu wa bluu, presha ya ndani ya jicho ilipanda ikaua neva na inabidi litolewe. La kulia anaonaona tu.

Najua op inaweza kwenda mrama. Hata wataalamu husema mwanzoni kama mbwa 8 au 9 kati ya 10 huona, halafu miaka ikisonga wanapungua. Sasa mbona hiyo hesabu niisome mwenyewe usiku kwa simu wakati pesa imeshaenda? Hakuna aliyetaja glakoma, yaani hiyo presha ya jicho, hakuna aliyesema retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayoshika mwanga, inaweza kubanduka. Na retina yenyewe hawakupima! Lenzi ikishakuwa nyeupe huwezi kuona nyuma yake, ndio maana kuna altrasaundi ya jicho na kile kipimo cha umeme wa retina, juu kama retina ishakufa hata utoe lenzi mbwa ataendelea kugonga viti. Wangu alimulikwa na tochi. Tochi jameni, kwani ni stima imepotea?

Halafu presha ya jicho hupenda kuruka masaa ya kwanza baada ya op, inafaa ipimwe siku hiyohiyo na kesho yake. Sisi tulipewa matone na koni ya shingo Jumamosi jioni, rudini wiki ijayo. Usiku mbwa analia, anasugua kichwa kwa kochi, napiga simu inaita tu mpaka inakatika, Jumapili pia hivyo hivyo, Jumatatu ndio daktari mwingine kabisa akapima presha akatingisha kichwa.

Nimerudi kwao naambiwa "macho ya kisukari ndio hivyo" na nikachajiwa konsaltesheni juu yake!! Faili wamekataa kunipa.

Kuna mtu ameshapeleka kesi kama hii Kenya Veterinary Board, ile bodi ya madaktari wa mifugo? Walitaka karatasi gani, na bila faili watanisikiza? Wa "si ni mbwa tu" piteni na njia yenu.