Kamati ya ushauri ya hifadhi: tukae au tukatae?

Mwana wa Bonde:
Jameni, nimeombwa niingie kamati ya ushauri ya hifadhi iliyo kwetu, niwe sauti ya jamii asilia. Ni kujitolea. Vikao vinne kwa mwaka, unarudishiwa nauli, basi. Kamati inashauri tu, kuamua ni kwa wenye ofisi. Nusu ya ukoo inasema nenda, nusu inasema nitageuzwa muhuri. Mnaonaje?

Asali ya Mochongoi:
Usiende. Ya ziwa Bogoria hapa Kenya yanatosha. Waendorois, jamii asilia ya pale, walitolewa ziwani 1973 ili wanyama wapate hifadhi. Wazee wakaahidiwa mashamba yenye rutuba na mgao wa pesa za watalii. Wakaja kupata nini? Shilingi 3,150 kwa familia, tena 1986. Tume ya Afrika ya haki za binadamu ikaamua 2003 kwamba warudishiwe ardhi yao, na mpaka leo tunangoja. Halafu tuseme ukweli, hawa wazee wetu wakiwekewa soda na sahani ya pilau wanasaini chochote.

Mlinzi Mstaafu:
2003 ndipo kesi ilipofikishwa kwa Tume. Uamuzi ulitoka 2010. Ulisema pia waingie ziwani kwa ibada na malisho bila kuzuiwa, walipwe fidia na wapewe mrabaha. Mwaka uliofuata ziwa likaandikwa Urithi wa Dunia na UNESCO, na Waendorois wakalalamika kwamba hawakuulizwa. Hayo sibishani nayo. Lakini nimevaa buti za hifadhi miaka ishirini na mitatu, na nakwambia pasipo na kamati, askari ana sheria peke yake mkononi. Kijana akishikwa na mbuzi ndani wakati wa kiangazi, nani atamweleza afisa mgeni kwamba pale ndipo penye chumvi ya mifugo tangu enzi za babu zao? Ni mzee wa kamati. Nimewaona vijana wakiachiliwa hivyo, hawakulala rumande.

Binti wa Mzee:
Soda? Asali, umesema soda?
Baba yangu alikaa kamati kama hiyo miaka tisa. Alikuwa anaamka saa tisa usiku, anatembea mpaka barabarani, anangoja matatu. Nauli ya kikao cha Machi analipwa Juni, akilipwa. Hajui kusoma Kiingereza, kwa hiyo kila karatasi aliileta nyumbani nimsomee kabla hajaweka kidole. Futa hilo neno.

Asali ya Mochongoi:
Dada, sikumtaja baba yako. Nasema niliyoyaona. Kwetu tuliitwa ukumbini, tukasaini karatasi ya mahudhurio kama kawaida. Miezi miwili baadaye karatasi ile ile ilikuwa imebanwa nyuma ya ripoti inayosema wananchi wameridhia. Jina langu lilikuwa la kumi na moja. Mimi niliyesimama siku ile nikapinga!

Binti wa Mzee:
Basi na wewe ulisaini. Ulikunywa soda gani?

Mbali na Nyumbani:
Tuache soda kidogo. Niko Australia. Hapa Uluru, penye ule mwamba mkubwa, ardhi iliandikwa kwa jina la Waanangu, wenyeji wa asili, 1985, wao wakaikodisha serikali kwa miaka 99 iwe hifadhi. Bodi ina watu 12, wanane ni wenyeji. Ndiyo iliyoamua watu waache kuupanda ule mwamba, na tangu Oktoba 2019 haupandwi. Mwana wa Bonde, waulize una kura au una kiti tu.

Asali ya Mochongoi:
Ndugu, huko mmepewa hati kwanza. Sisi tunapewa kiti kwenye nyumba yetu wenyewe na tunatakiwa tushukuru.

Binti wa Mzee:
Bado sijasikia samahani.

Mlinzi Mstaafu:
Dada ana haki. Wazee niliowajua walikuwa wakali kuliko mawakili. Asali, hasira yako iko mahali pake, ila umeielekeza kwa asiyekukosea.

Mama Mizinga:
Mnasema wazee, wazee. Kuni, maji, dawa za miti, nani anaingia hifadhini kila wiki? Hiyo kamati ya baba yako, dada, ilikuwa na mwanamke?

Binti wa Mzee:
Hapana. Hata mmoja. Na mimi ndiye niliyekuwa namsomea karatasi zote.

Mama Mizinga:
Ndiyo maana nauliza. Wewe ndiye ulipaswa kukaa pale.

Asali ya Mochongoi:
Sawa. Dada, lile neno la soda nimelirudisha. Niliona jina langu kwenye ile ripoti na bado linanichoma.

Mwana wa Bonde:
Mimi sijaamua. Nitawaandikia nikitaka karatasi ya mahudhurio iwe na kichwa kinachosema kuhudhuria si kukubali, na kila mjumbe apewe nakala siku hiyo hiyo, kwa Kiswahili. Wakikataa hilo dogo, nimepata jibu. Binti, naweza kuongea na mzee?

Binti wa Mzee:
Njoo jioni, mbuzi wakisharudi. Usikio wake wa kushoto umechoka, kaa kulia. Na Asali akitaka kuja, aje amwambie mwenyewe, uso kwa uso.