Waliotengeneza hii mashine ya presha kwao hawana bibi?

Wakuu, nipo Newala, na leo nimekasirika kwelikweli.

Bibi yangu ana miaka 76, presha anayo siku nyingi. Mwezi uliopita wakaja watu wa mradi (siwataji, wenyewe wanajijua) wakagawa mashine za kupimia nyumbani na simu za kupangusa zenye programu ya kumtumia daktari vipimo. Picha zikapigwa, wakaondoka.

Sasa kufungua hiyo programu lazima uweke kidole. Bibi kabangua korosho tangu mama hajazaliwa. Mafuta ya ganda la korosho yanavyounguza ngozi, nani wa Kusini hajui? Vidole vyake vimebaki laini kama mwiko wa zamani, alama hazipo. Simu ikamkataa mara tano, ikajifunga. Njia nyingine ni kutumiwa namba sita kwa meseji, mwisho dakika moja. Dakika moja bibi hata miwani hajaifungua kwenye pindo la kanga!

Na asije mtu hapa na "mfundishe tu". Huyu makato ya AMCOS (chama cha ushirika kinachouza korosho za wakulima) anayapiga kichwani, karani akikosea anarudishwa.

Hayo ningevumilia. Kilichonitia wazimu ni mkanda. Umetoka saizi moja tu, na mkono wa bibi umebaki mfupa na ngozi. Mkanda ukiwa mkubwa kuliko mkono, presha inasomeka ndogo kuliko ilivyo. Mashine ikawa inamwambia 128, 130, bibi akafurahi, akasema amepona, vidonge akaacha. Siku ya nne kichwa kinamgonga, macho yana ukungu. Zahanati nesi akatafuta mkanda mdogo: 178 kwa 104. Nesi mwenyewe alishika mdomo.

Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, mzee ni kuanzia miaka 60. Hii mashine ilijaribiwa kwa mzee gani? Au kwa vijana wa ofisini Dar, mikono imejaa gym? Hata mlio wake ni mwembamba kama wa mbu, na sauti nyembamba ndizo masikio ya uzeeni huanza kuzipoteza.

Wa Tandahimba na Masasi, nanyi mmeletewa? Mkanda mdogo mmepata wapi?

Namba ya msaada tumepiga. Inasema kwa Kiswahili bonyeza moja. Bibi akaitoa simu sikioni aitafute hiyo moja, kioo cheusi tii.