Daraja la Jangwani: tuinue tuta, tujenge palepale au pembeni? Tupeane uzoefu

Mkazi wa Mapipa (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Nina fremu ya vifaa vya umeme Magomeni Mapipa, Dar, mzigo nachukua Kariakoo, na katikati kuna bonde la mto Msimbazi pale Jangwani. Kutoka kwangu mpaka Fire, ng'ambo ya daraja, hata kwa mguu unafika, ukitembea kama mtu anayedaiwa. Lakini mvua ikipiga Kisarawe, huku kwetu jua linawaka, unasikia tu konda anapaza sauti "Jangwani pamefungwa!" na mji mzima unahamia Kawawa Road.

Juzi kijiweni tulibishana nusura vikombe vya kahawa vivunjike. Mmoja anasema tuta lingeinuliwa mita mbili tu, kazi imeisha. Mwingine anataka mto uchimbuliwe, daraja liachwe lilivyo. Kuna mzee pale, fundi mstaafu, yeye aliuliza swali moja: "Mkishainua tuta, maji mtayapeleka wapi? Mtakuwa mmejenga bwawa, na Kigogo ndiyo itakuwa ndani ya bwawa." Tukanyamaza wote.

Najua uamuzi mkubwa ulishatoka. Kwenye mradi wa bonde la Msimbazi, ule ambao Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, Jangwani imepangiwa daraja la mita 390. Sijaja kupinga. Nataka kusikia kwa wale ambao daraja lao lilichoka likabadilishwa: mlivukaje wakati wa ujenzi? Nani alipata, nani aliumia? Leteni mliyoyaona kwa macho. Za "inasemekana" tumeshiba.

Mama Mitumba

Mimi sijui habari za mita. Nauza viatu, nakaa Magomeni Kagera. Mwezi wa nne 2018 nilikuwa narudi na kiroba cha viatu vya mtumba, nikafika Fire, magari hayaendi. Vijana wanabeba watu mgongoni, mzigo bei yake. Nikamlipa mmoja abebe kiroba, mimi nikasema nitasubiri. Katikati kijana akateleza. Hakuzama, maji yalikuwa ya kiunoni, ila kiroba kilifunguka na viatu vikaanza safari ya Salender, baharini, bila mimi. Yule kijana alilia kuliko mimi. Alivifuata akarudi navyo vingi tu, lakini unajua viatu, vingine vya kulia, vingine vya kushoto, pea hazikutimia. Nilianika juu ya bati siku tatu, vya ngozi vikapasuka vyote.

Kwa hiyo mkijenga lolote mnalojenga, mniambie mtu wa mguu mwenye mzigo kichwani atapita wapi. Daraja likinyanyuka juu, kuna ngazi? Guta litapanda? Wachora madaraja huwa wanatoka ofisini na gari.

Utingo Mstaafu

Nilianza utingo, nikamalizia dereva wa semi, njia ya Dar–Arusha. Wami ya zamani naijua kama sebule yangu. Daraja la 1959, jembamba: gari moja likiwa juu, wengine mnasubiri. Na daraja lenyewe halikuwa tabu sana, tabu ni kulifikia. Unashuka korongo lenye kona, tani za saruji zinakusukuma mgongoni, ukifika chini unakuta basi limeshaingia kwa upande wa pili. Inabidi usimame palepale kwenye mteremko. Utingo anaruka na kabari kabla gari halijatulia. Kovu la kabari ninalo kidole gumba mpaka leo, na niliowaona wakiacha maisha kwenye ule mteremko siwataji hapa.

Jipya, la mita 510, lilijengwa pembeni. Sisi hatukuzungushwa hata siku moja: la zamani liliendelea kubeba magari mpaka jipya likawa tayari 2022, tukahamia. Hiyo ndiyo raha ya pembeni. Siku ya kwanza nilipita juu ya lile jipya nikapunguza mwendo kwa mazoea tu, nyuma wakanipigia honi.

Walioumia ni akina mama wa mahindi ya kuchoma na wale vijana wa maji. Foleni ndiyo ilikuwa soko lao. Daraja jipya gari halisimami.

Ila mkuu, Wami kuna pori. Pembeni ya Jangwani kuna barabara ya mabasi ya mwendokasi, kuna watu, kuna klabu ya Yanga. (Mashabiki wa Simba msianze habari za vyura, mada ni daraja.)

Nondo12

Niongeze kwa upande wa kusafisha mto, maana nimeshafanya kibarua cha hiyo kazi, kampuni siitaji. Kijiko kinachota mchanga chini ya daraja, kinaurundika kingoni. Lori zinatakiwa kuuondoa, leo hakuna dizeli, kesho bosi hajalipa. Mvua ya kwanza ikija, ule mchanga wa kingoni unarudi ulikotoka, na mwingine mpya unaletwa kutoka milima ya Pugu. Wakati tunamaliza, mtu mrefu alikuwa anasimama chini ya daraja bila kugusa zege. Masika yalipoisha nilipita pale nikainama. Ndani ya msimu mmoja!

Sisemi kusafisha ni bure. Bila kusafisha pangeshafungwa kabisa. Lakini kusafisha ni kama kufyeka majani shambani, hakuna siku utasema nimemaliza. Yule mzee wa kijiweni yuko sahihi: pale Jangwani barabara imekaa juu ya tuta, na bonde zima linalazimishwa kupita mlango mmoja mwembamba, kama abiria wa mwendokasi saa kumi na moja jioni. Ukiinua tuta umeinua ukuta, mlango umebaki uleule. Daraja refu la nguzo linayapa maji upana. Na bado mchanga utakuja, wasijidanganye kwamba wakishakata utepe vijiko vinarudi yadi.

Mkazi wa Mapipa

Nondo12 umenifungua macho. Kuna aliye na uzoefu wa palepale, yaani la zamani linavunjwa ndipo jipya linajengwa?

Mnyamwezi wa Minneapolis

Ninao, ila letu hatukulivunja, lilijivunja. Nakaa Minneapolis, Marekani, zaidi ya miaka ishirini sasa. Daraja la barabara kuu ya I-35W juu ya mto Mississippi, karibu kabisa na katikati ya mji. Tarehe 1 Agosti 2007 nilitoka kazini mapema nikavuka saa kumi na moja jioni, nikapita dukani. Saa kumi na mbili na dakika tano likaanguka. Watu 13 walikufa. Nilijua niliposhika simu na kukuta jamaa wa Dar wamenipigia mara kumi na tano, wao wameona kwenye TV kabla yangu.

Nawaambia kilichonikaa moyoni. Daraja lile lilikuwa la 1967, miaka arobaini tu. Lilikuwa linakaguliwa, na siku ile kulikuwa na mafundi wanakarabati sakafu yake. Uchunguzi ulikuja kuonyesha kwamba mabati ya kuunganishia mihimili yalichorwa membamba tangu mwanzo, unene kama nusu ya uliotakiwa. Miaka imepita, uzito umeongezwa, na siku ile mchanga na mashine za ukarabati vilirundikwa palepale juu ya sehemu dhaifu. Kwa hiyo mtu akikwambia "si tulipake rangi tu, zege bado zima", muulize amelipima au ameliangalia.

Jipya lilijengwa palepale, likafunguliwa Septemba 2008. Mwaka na kidogo. Walifanya kazi usiku na mchana, hela ilikuwepo. Mwaka huo nilikuwa natoka nyumbani dakika arobaini kabla. Muuza kahawa niliyekuwa napita kwake kila asubuhi alifunga, barabara yake iligeuka kichochoro kisichotoka. Daraja liliporudi, yeye hakurudi.

Mtoto wa Suna

Nyie mnazungumzia wanaopita juu. Mimi nilizaliwa chini.

Desemba 2011 maji yalituingilia Suna, bondeni Magomeni, usiku. Baba ni fundi cherehani, alibeba kichwa cha cherehani begani, mama akabeba mdogo wangu, mimi nikaambiwa nishike begi la vyeti. Tulilala darasani shuleni. Baadaye tukahamishiwa Mabwepande, tukaanza na hema. Kiwanja tulipata, sikatai. Lakini wateja wa baba walikuwa Magomeni. Nani atatoka Magomeni kupunguza suruali Mabwepande? Akawa anaamka saa tisa usiku kurudi mjini kushonea kwenye baraza la rafiki yake, nauli inakula nusu ya alichopata. Majirani zetu kadhaa waliuza viwanja wakarudi bondeni. Baadaye wakaja kuwekewa alama ya X nyekundu ukutani, ya kubomolewa.

Watu wanawaita wabishi. Mimi nasema walikuwa wanafuata tonge. Baba hakurudi kulala bonde lile na mimi siwezi, mvua ikinyesha usiku mpaka leo nakaa kitandani nimevaa viatu. Lakini mkipiga hesabu ya daraja, lile tonge pia liandikwe kwenye hesabu, siyo kuta tu.

Kisauni Asilia

Hamjambo nyote, salamu toka Mombasa. Sisi hapa tumeyaonja yote mnayobishania.

Utotoni mwangu daraja la Nyali lilikuwa la kuelea, limekaa juu ya maboya makubwa tangu 1931. Maji yakijaa, daraja lapanda, yakipwa lashuka, na mlango wa kuingilia wawa mteremko. Marehemu babangu alikuwa na baiskeli ya mikate. Alikuwa akitizama bahari kwanza ndipo aamue atoke saa ngapi, maana kupanda ule mteremko na kikapu kilichojaa ilikuwa adhabu. Na ushuru ulikuwa walipwa. La zege lilipofunguliwa 1980 alisema neno moja, "Sasa naweza kulala."

La pili ni tuta la Makupa. Tuta la mawe na udongo, lilizuia mkondo tangu enzi za mkoloni. Upande mmoja maji yalikuwa hayachezi, tope limetuama, na jaa la taka la Kibarani lilikuwa palepale. Ukipita ulikuwa wafunga pua. Juzijuzi, 2022, likajengwa daraja na maji yakaachiwa njia. Huyo mzee wenu wa kijiweni akija Mombasa nitamnunulia mahamri, amesema jambo la haki kabisa.

La tatu ni daraja la muda. Likoni tuliwekewa la waenda kwa miguu la kuelea pale Liwatoni, likaanza 2021. Lilikuwa refu, zaidi ya kilomita moja, jua la saa nane wewe watembea. Na meli ikija lafunguliwa, msubiri. Mimi nililipenda asubuhi, jioni nikapanda feri. 2024 likaondolewa. Kwa hiyo mkiambiwa mtapewa la muda wakati la Jangwani lajengwa, ulizeni saa zake za kufungwa na urefu wake kabla hamjapiga makofi.

Oysterbay Asubuhi

Daraja la Salender kwa kifupi: la zamani liliachwa, wakajenga daraja la Tanzanite ya kilomita moja na kitu juu ya bahari, ikaanza kutumika Februari 2022. Foleni yangu ya asubuhi ilipungua kweli. Picha za harusi ziliongezeka. Ila dada yangu anakaa Manzese, nilipomsimulia aliniambia, "Hongereni, sisi bado tunavua viatu." Sikuwa na jibu.

Mama Mitumba

Mtoto wa Suna, pole mwanangu. Baba yako yuko wapi sasa? Kama bado anashona, nina magauni ya mtumba ya kupunguza, mengi.

Mtoto wa Suna

Shikamoo mama. Yupo, macho ndiyo yamepungua, ila kupunguza gauni anaweza. Nitakutumia ujumbe.

Mkazi wa Mapipa

Nimesoma zote, nyingine nimemsomea mzee wa kahawa kwa sauti. La mahamri limemfurahisha, anauliza nauli ya kwenda Mombasa anatoa nani.

Mimi nilikuja na swali la daraja gani, naondoka na swali la nitaishije wakati linajengwa. Pembeni kama Wami hapatoshi. Palepale kama kwa Mnyamwezi, hata wakikimbia vipi, mwaka unakatika, na muuza kahawa wa kwetu ni mimi. Kwa hiyo nimeamua: mzigo wa miezi mitatu nauvusha kabla ya masika, waya, soketi, bulbu, vyote vikae upande huu. Anayejua stoo ya kupanga karibu na Mapipa, isiyovuja, aniambie.

Mama Mitumba

Kuna stoo nyumba ya pili nyuma ya fremu yako, mwenyewe ni shoga yangu. Haivuji. Ina panya, na panya wanapenda waya.