Naomba ushauri: nimweleze vipi mdogo wangu kwamba Maria ni Mama wa Mungu?

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Mdogo wangu anajiandaa kwa Kipaimara na ameniuliza: Mungu hana mwanzo, sasa Maria awe mama yake vipi?

Najua Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Efeso wa mwaka 431 ulimpinga Nestorius, askofu wa Konstantinopoli aliyekataa jina hilo, ukasimama na Mtakatifu Sirili wa Aleksandria. Maria hakuuanzisha umungu. Huo Mwana anao tangu milele kutoka kwa Baba. Lakini mama hazai asili (yaani kile mtu alicho), anazaa mtu, na huyo aliyemzaa Maria ni Nafsi (yaani yule aliye nani) moja tu, Mwana wa Mungu aliyetwaa mwili kwake. Hapo ndipo moyo wangu unapotulia, kwani tukimgawa Kristo kuwa wawili, Mungu na mwanadamu, aliyekufa msalabani anabaki mwanadamu tu, na wokovu wetu tumeupoteza. Elisabeti naye alimwita "mama wa Bwana wangu" (Lk 1:43).

Shida ni kwenye "nafsi" na "asili": kijana ananipotea kabisa. Makatekista na wazazi, ninyi mnaanzia wapi? Injili ya Luka, au Kanuni ya Imani ya Nisea? Na mifano gani niiepuke, maana mingine huingiza uzushi bila mtu kujua?