Mjadala: Jina la kanga libaki na herufi zilizonyooka, au lichezewe?

Pindo na Mji (mwanzisha mada)

Kanga ina vitu vitatu: pindo la kuzunguka, mji wa katikati na jina, yaani maneno yake. Pindo limechezewa tangu zamani. Mji nao umebeba kila kitu, kuanzia korosho na maua hadi nyuso za marais. Jina peke yake ndilo tuliloliacha lilivyo: herufi kubwa tupu, mstari mmoja, chini ya mji na juu kidogo ya pindo la chini. Sasa wabunifu wameanza kuligusa. Wapo wanaolipinda lifuate duara la katikati, wapo wanaoliandika kwa brashi, na wapo wanaovunja herufi zenyewe ziwe pambo. Wengine wanaona huku ni kuiharibu kanga.

Mimi nasema lichezewe, kwa sharti moja: mchezo utoke ndani ya neno lenyewe. Chukua BANDU BANDU HUISHA GOGO. Methali hiyo inasema kitu kinavyopungua, na herufi zinaweza kukionyesha. BANDU ya kwanza iwe nzima. BANDU ya pili kila herufi ikatwe pembe moja. HUISHA ipungue zaidi kwa juu. GOGO ibaki fupi kama kisiki. Msomaji anaona shoka likifanya kazi kabla hajamaliza kusoma. Au HABA NA HABA HUJAZA KIBABA: herufi za mwanzo ziwe mistari ya nje tu, ndani tupu, chembe ziongezeke neno kwa neno, na KIBABA ijae pomoni. Hapo hakuna urembo wa kubandika. Ni maana yenyewe imechukua umbo.

Tujadili.

Neno Halivunjwi

Napinga, na sipingi kwa sababu ya kung'ang'ania ukale. Jina la kanga ni kauli. Mtu anampa mtu, anamsema mtu, anamjibu mtu. Fumbo tayari limo ndani ya maneno. Ndiyo maana kanga moja jirani huicheka na jirani mwingine humchoma. Mkilifumba mara ya pili kwa herufi zilizokatwakatwa, mlengwa hatasoma, na kauli isiyosomwa haijasemwa. Zile herufi kubwa zilizonyooka zinafanya kazi kubwa kwa kukaa kimya: hazina sauti yao wenyewe, kwa hiyo sauti inayosikika ni ya anayevaa.

Fundi wa Skrini

Kabla hamjaenda mbali, tuzungumzie kitambaa, kwa sababu kioo cha kompyuta hakivuji rangi lakini pamba inavuja.

Kwanza hesabu ya nafasi. Kanga ni kama sentimita 150 kwa 110. Herufi kubwa ya kimo cha sentimita 4, ukijumlisha na nafasi ya pembeni, hula wastani wa sentimita 3 kwa upana. BANDU BANDU HUISHA GOGO ina herufi 20 na nafasi 3, jumla 23, kwa hiyo jina linachukua kama sentimita 69. Linakaa vizuri kati ya mapindo mawili ya pembeni. Sasa mnataka kulipinda lifuate duara la mji. Duara la kipenyo cha sentimita 30 lina mzingo wa 94. Jina litazunguka karibu robo tatu yake, na herufi za mwisho zitasimama kichwa chini. Ukitumia nusu ya juu tu ili zote zisomeke, unabaki na sentimita 47. Gawa kwa 23, kila herufi inapata sentimita 2, na kimo kinashuka hadi 2.7. Umeshapoteza theluthi ya ukubwa kabla hujacheza chochote.

Pili, uvimbe wa rangi. Herufi iliyochapwa kwa rangi hunenepa kingoni, kwa kawaida kama nusu milimita kila upande, na zaidi rangi ikiwa nyepesi mno au kichapio, ubapa wa kusukumia rangi, kikikandamizwa sana. Herufi nyeupe iliyoachwa bila rangi hupata kinyume chake: rangi ya pembeni huingia ndani na kuikondesha. Kwa hiyo herufi ya kuchapwa ichorwe imekonda kidogo, na herufi ya kuachwa ichorwe imenenepa kidogo. Matundu ya A, B, P na R yasiwe chini ya milimita 4, la sivyo yanazibika na A inageuka kuwa pembetatu.

Tatu, rangi kulalia pasipo pake. Kila rangi ina skrini yake, yaani fremu ya wavu inayopitisha rangi. Gundi ya meza ikichoka, au kitambaa kikiingia bila kunyooshwa sawa, rangi ya pili inakaa milimita moja au mbili pembeni. Kwenye ua huoni. Kwenye herufi yenye ukingo wa rangi nyingine utaona haraka sana: upande mmoja ukingo mnene, upande wa pili weupe. Hizo herufi tupu za HABA zenye mstari wa nje peke yake zichapwe kwa skrini moja, rangi moja, mstari usiopungua milimita 2. Msijaribu kutia rangi mbili humo.

Mtu hakuuliza, lakini nitasema: alama ya ng' ndiyo inayoumia zaidi kuliko yote. Katika herufi kubwa ya sentimita 4 wengi huichora kama kijitone cha milimita 3, rangi inakimeza, na NG'OA inasomeka NGOA. Ichoreni kama kabari nene, milimita 6 kwa 12, iliyotengwa na G kwa milimita 4. Kosa hilo lipo hata katika herufi zilizonyooka, Ndugu Neno Halivunjwi, kwa hiyo unyoofu peke yake haulindi kauli.

Doti Mbili

Naongea kwa upande wa dukani na wa mwilini.

Dukani mteja anaomba afunuliwe kanga, na macho yake yanakwenda kwenye jina kabla ya rangi. Watengeneza vibao wana kanuni ya inchi moja ya kimo kwa kila futi 10 za umbali, yaani sentimita 2.5 kwa mita 3, ili maneno yasomwe kwa raha. Herufi ya sentimita 4 inampa msomaji karibu mita 5, inamtosha aliye upande wa pili wa kaunta na hata aliyesimama mlangoni. Ile ya 2.7 ya Fundi inashuka hadi mita 3 na kidogo. Dukani bado inatosha. Barabarani haitoshi.

Mwilini ndiko kwenye jambo ambalo sijaona mbunifu akilipima. Kanga ikifungwa kiunoni, jina linakwenda nyuma, na aliye nyuma yako haoni sentimita 69 kwa mkupuo. Anaona arobaini na kitu, sehemu nyingine zimezunguka ubavuni. Kwa hiyo katikati ya jina ndipo panapoonekana zaidi. Kama mchezo wenu mzuri uko GOGO, mwisho kabisa wa mstari, umekwenda kujificha kwenye nyonga. Wekeni mchezo katikati, au fupisheni jina.

Na lipo wazo nililolisikia, la kuandika nusu ya methali kwenye kipande kimoja na nusu kwenye pacha wake, ili doti nzima, vipande vyote viwili, ndiyo ikamilishe kauli. Linapendeza kusimulia. Lakini watu hugawana doti: kipande kimoja changu, kimoja cha shoga yangu, ndio udugu wenyewe. Mmoja atavaa swali na mwingine jibu, mji mwingine kabisa. Tena vipande viwili vya doti huchapwa kwa mchoro uleule ukijirudia. Ukitaka viwili tofauti unahitaji skrini ya pili ya jina na mtu wa kuangalia isipitwe zamu.

Kalamu ya Mwanzi

Hapa panasemwa kana kwamba herufi zilizonyooka ndizo asili. Sizo. Majina ya mwanzo ya kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi za Kirumi zikafuata baadaye. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza biashara 1887 na ambaye alama yake ya Mali ya Abdulla wengi mnaijua, anatajwa sana katika habari za kanga zenye maneno ya Kiswahili. Pwani hii ilikuwa na utamaduni wa hati muda mrefu kabla yake. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, kisiwani Pate, ina mapambo ambayo mbunifu wa pindo angeyatambua mara moja.

Katika khati, sanaa ya mwandiko wa Kiarabu, kuchezea umbo hakukuwa uasi, ila mchezo ulikuwa na vipimo. Kalamu hukatwa ncha kwa mshazari, na ukiigusisha karatasi inaacha nukta. Nukta hiyo ndiyo rula. Alifu, herufi ya kwanza, katika mwandiko uitwao naskhi hupimwa kwa nukta 5, katika ule uitwao thuluthi kwa nukta 7. Ukishika vipimo hivyo unaweza kuyapandisha maneno, kuyasuka pamoja, hata kuyaandika yakitazamana kama mtu na kioo, kama walivyofanya waandishi wa dola ya Uthmaniya, Uturuki ya zamani, na jicho likaendelea kutambua kila herufi. Wabunifu wa jina la kanga wana kipimo gani? Ninaona wengi wanachukua mwandiko wa brashi kutoka kwenye kompyuta, wanauvuta upana hadi ujaze nafasi, milalo inabaki myembamba na misimamo inanenepa, na huo wanauita ubunifu.

Lakini nisiseme khati irudi yote kwenye kanga. Kiarabu kina irabu tatu, Kiswahili kina tano. Kuku na koko vinaandikwa sawasawa. Simba iliwahi kuandikwa siba, kwa sababu m iliyo mbele ya b haikuandikwa. Msomaji wa wakati ule alijua kwa muktadha, na kauli ya kanga ni fupi mno kuwa na muktadha. Zaidi ya hapo, alama za irabu ni vikwaju vidogo ambavyo kwa hesabu ya Fundi vitamezwa na rangi.

Neno Halivunjwi

Nashukuru kwa somo la nukta, Kalamu ya Mwanzi. Limenisogeza hatua moja: sikatai tena kwamba umbo linaweza kuchezewa na neno likabaki. Nabaki na GOGO. Mnasema ikatwe kwa juu ibaki kisiki. Kinachotenganisha G na O hasa ni ule mkono wa G unaoingia ndani, na mkono huo uko katikati ya kimo. Mkikata herufi ya sentimita 4 ikabaki theluthi ya chini, mkono umekwenda na mmebaki na bakuli nne zinazofanana. Hiyo ndiyo hofu yangu nikiiweka wazi: mbunifu anajua kinachoandikwa, kwa hiyo yeye anaisoma daima. Hawezi kujipima mwenyewe.

Pindo na Mji

Hapo umenishika, na umenishika kweli. Nimekichora upya: mkato usishuke chini ya sentimita 2.4 kutoka mstari wa msingi, mkono wa G ubaki mzima na uongezwe urefu hadi uguse katikati ya herufi. Kisiki kinakuwa kirefu kuliko nilivyotaka, lakini kinasomeka.

Na nimekubali hoja ya Doti Mbili. GOGO isibaki mwisho wa mstari. Jina liwe mistari miwili: BANDU BANDU HUISHA juu, kwa sentimita 54, na GOGO peke yake chini yake, katikati kabisa, herufi za kimo cha sentimita 5. Upana wake kama sentimita 15. Hiyo itaonekana nzima nyuma ya mvaaji yeyote.

Fundi wa Skrini

Mistari miwili inakula kimo cha mji, kama sentimita 11 ukiweka nafasi ya 2 kati yao. Pandisheni pambo la katikati, msilibane.

Kuhusu vibanzi: nimeona kwenye mchoro wako vipande vidogo vinavyoruka kutoka kwenye herufi, milimita 3 hivi. Viondoe. Kwenye kitambaa kipande cha ukubwa huo kinafanana na dosari ya skrini iliyotoboka, na mnunuzi wa jumla atarudisha mzigo akisema umechapwa vibaya. Kibanzi kisipungue milimita 8, kiwe na kingo zilizonyooka, mikato yote ielekee upande mmoja wa nyuzi 45. Mikato ikifuata mwelekeo mmoja jicho linaelewa kuna mkono ulioshika shoka. Ikielekea kila upande linaona uchakavu.

Zile chembe za KIBABA ziwe na kipenyo cha milimita 3, zikiachana milimita 2. Chini ya hapo zinaungana, HUJAZA na KIBABA zinakuwa nyeusi sawa na hatua ya kujaa haionekani.

Doti Mbili

Mpime baada ya kufua pia. Kanga mpya ina wanga, imesimama, kila ukingo unaonekana mkali. Jina limelala kwa urefu wa kitambaa, na huko ndiko pamba hurudi, yaani husinyaa, zaidi. Ikirudi asilimia 4, sentimita 54 zako zinapungua kwa mbili, na nafasi kati ya chembe zinapungua nazo. Chapeni ukanda wa jina peke yake, ufuliwe mara tatu, uanikwe juani, kisha utundikwe mita 5 kutoka kwa mtu ambaye hajaambiwa methali ni ipi. Akisoma bila kusogea, mimi nitaipanga dukani.

Neno Halivunjwi

Na mtu huyo asiwe mbunifu wala rafiki yake. Awe anayenunua kanga. Akisita kwenye GOGO, nitarudi hapa kusema iandikwe kama ilivyoandikwa siku zote.