Hilux ya dizeli imezima Kitonga na fundi anasema pampu imekufa: ninunue mpya au iliyotumika?

Mbeba_Viazi
Wakuu, habari za jioni. Ninaomba ushauri wa haraka, kwa sababu gari hili ndilo linalolisha familia yangu na sasa limelala kwa fundi mjini Iringa. Ni Toyota Hilux yenye injini ya 1KD, ninayoitumia kubeba viazi kutoka Njombe. Nilikuwa ninarudi kutoka Morogoro bila mzigo, gari likaanza kukosa nguvu baada ya Ruaha Mbuyuni, na lilipofika kwenye kona za mlima Kitonga likazima na halikuwaka tena. Fundi amebadilisha filta na plagi bila mafanikio, na sasa anasema pampu kubwa ya dizeli imekufa. Mpya nimetajiwa shilingi 2,800,000, na iliyotumika ipo Gerezani, Kariakoo, kwa 900,000. Nichukue ipi?

Shangazi_Tunu
Mwanangu, pole sana. Mimi ningekushauri uliuze hilo gari likishapona, utafute Hilux ya zamani yenye injini ya 5L. Pampu yake haina mambo ya umeme mwingi, na fundi wa wilayani anaimudu. Marehemu mume wangu alibeba mahindi kwa gari la namna hiyo miaka mingi, na hatukuwahi kutajiwa bei za kutisha kama hizi.

FundiNozeli
Kaka, kabla ya kuzungumzia mpya au iliyotumika, nijibu maswali matatu. Je, fundi alipima kwa kompyuta shinikizo la mafuta wakati wa kupiga stata? Je, alipima mafuta yanayorudi kutoka katika kila nozeli, yaani kinyunyizia dizeli ndani ya injini? Na mara ya mwisho mafuta uliweka wapi? Nozeli moja inayovujisha kupita kiasi hushusha shinikizo la mfumo mzima, na pampu isiyo na tatizo ikaonekana mbovu. Kipimo hicho kinahitaji chupa nne na mipira tu. Isitoshe, pampu hiyo ina vali ndogo ya kudhibiti mafuta yanayoingia, ambayo huuzwa peke yake kwa bei ya chini sana kuliko pampu.

Mbeba_Viazi
Kompyuta hana, lakini ni mzoefu na ninamwamini. Mafuta ni ya kawaida. Ninachohitaji kujua ni kama pampu iliyotumika inadumu.

BabaNeema
Kwangu ilikuwa Noah ya petroli. Nilibadilishiwa pampu ya ndani ya tangi, ikafa, nikabadilishiwa nyingine, nayo ikafa. Fundi wa tatu aliniuliza kwa nini mshale wa mafuta haupandi juu ya robo, akanieleza kwamba pampu ile hupozwa na mafuta yenyewe, kwa hiyo anayetembea siku zote na taa ya mafuta ikiwaka huichosha kwa joto. Chini ya tangi kulikuwa na tope ambalo hakuna aliyekuwa amelitazama. Nilikuwa nimeshalipia pampu mbili.

FundiNozeli
Mbeba_Viazi, mafuta ya kawaida ya kituo gani?

Mbeba_Viazi
Hayakuwa ya kituo. Nilinunua madumu mawili kando ya barabara, kwa watu ambao wenzangu wengi hununua kwao, na faida ya viazi msimu huu ni ndogo mno kwa mtu kuchagua. Magari ya wenzangu yanatembea hadi leo, kwa hiyo sioni kwa nini yawe ndiyo sababu. Tena nimekwisha kutuma kianzio cha 400,000 kwa ile pampu ya Gerezani.

Mwalimu_Mstaafu
Ndugu yangu, dizeli ya madumu barabarani mara nyingi hunyonywa kutoka kwenye malori yanayokwenda Zambia na Kongo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya kutambulisha mafuta halali, katika mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili yasichanganywe na dizeli. Juhudi zote hizo hazifiki kwenye dumu. Anayenunua hapo anamlipa mwizi, na hana risiti ya kudai haki yake popote.

Kisanduku
Mimi nina shaka na habari hii. Gari la dizeli halina plagi, lakini huyu anasema fundi amebadilisha plagi. Halafu pampu ya Gerezani inatajwa mara mbili. Nadhani tunatangaziwa pampu.

Mbeba_Viazi
Ni plagi za kupasha joto, ndugu, zile za kuwashia asubuhi. Duka silitaji na sitalitaja. Filta iliyotolewa bado ipo, na fundi alipoikata alikuta vumbi linalong'aa. Ningekuwa mtangazaji nisingesema hilo.

FundiNozeli
Kisanduku, plagi hizo zipo kweli katika 1KD. Hilo vumbi ndilo lililopaswa kutajwa mwanzo. Pampu ya mfumo huu husukuma dizeli kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,000, na hulainishwa na dizeli hiyo hiyo. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi vya kutosha, kwa hiyo chuma kinasuguana na chuma. Kama vumbi hilo ni la chuma kutoka katika pampu, basi limekwenda pia kwenye reli (bomba la pamoja la komonreli linalogawa dizeli) na nozeli, na kupitia bomba la marejesho limerudi ndani ya tangi. Ukifunga pampu yoyote, hata ya 2,800,000, bila kushusha tangi, kusafisha mabomba na kupima nozeli zote nne, utaiua kwa uchafu wa ile ya kwanza. Pitisha sumaku kwenye lile vumbi: likinasa, usikubali gari lipigwe stata tena.

Mbeba_Viazi
Sumaku imenasa. Tangi litashushwa kesho, lakini pampu ya Gerezani siiachi, kwa sababu kianzio hakirudi na mpya siiwezi. Nimemwambia muuzaji sitamalizia 500,000 hadi ipimwe kwenye mashine. Anayemfahamu fundi mwenye mashine ya kupimia nozeli za komonreli hapa Iringa au Makambako, tafadhali anielekeze.