Ushauri: nina division three ya pointi 13, PCB (Fizikia, Kemia, Bailojia). Niombe MD (digrii ya udaktari) chuo gani?

Kipanga Mchovu: Wakuu, habari za jioni. Matokeo ya form six yametoka, nimepata three ya 13, PCB. Kemia C, Bailojia D. Naombeni mnitajie chuo cha kusomea udaktari ambacho ushindani si mkali, dirisha la kwanza la maombi lisije likanipita. Mzee anapiga simu kila saa. Msinitukane.

Mama Kubwa: Hongera mwanangu, three si haba. Wa kwangu hata cheti hakukifuata.

Bwashee Chipsi: Achana na udaktari. Mimi nina digrii ya ualimu na hapa nakaanga viazi. Nenda VETA, jifunze umeme wa magari.

Fundi Hesabu: Mbona Fizikia hujaitaja?

Kipanga Mchovu: Fizikia ipo ipo tu mkuu. Nimeuliza chuo.

Fundi Hesabu: Ngoja nikusaidie. Kwenye division A ni 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7. Kemia 3, Bailojia 4, hiyo ni 7. Mpaka 13 inabaki 6. Dogo, una S ya Fizikia.

Kipanga Mchovu: Sawa, ni S. Siku ya practical nilikuwa na malaria. Ila TCU, tume ya vyuo vikuu, si wanataka pointi 4? Mimi ninazo 5.

Fundi Hesabu: Hapo ndipo wengi mnapojichanganya. Kwa NECTA, baraza la mitihani, pointi zikiwa chache ndiyo raha, kwa TCU zinageuka: A 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Hizo 5 zako ni halali, na 4 ndicho kizingiti cha digrii kwa ujumla. MD ina masharti yake: principal pass, yaani A hadi E, kwenye Fizikia, Kemia na Bailojia, zote tatu. S siyo principal. Rudia Fizikia kama private, au omba kozi nyingine.

Sista wa Zamu: Au diploma ya clinical medicine, miaka mitatu. Kule wanaangalia zaidi cheti cha form four. Ukimaliza na GPA nzuri, mlango wa MD bado upo. Mimi nilianzia zahanati ya kijijini, nikazalisha mapacha kwa tochi ya simu huku chaji imebaki asilimia nne. Wa pili alitanguliza miguu...

Kipanga Mchovu: Diploma hapana, dada. Mzee ameshauza ng'ombe wawili, kijiji kizima kinaniita dokta. Halafu kuna bro anasema vyuo vya nje S wanaipokea. Nimeshampa laki tatu ya fomu.

Fundi Hesabu: Laki tatu ya fomu! Na cheti cha nje ukirudi nacho lazima TCU wakitambue. Alikuambia hilo?

Mzee wa Busara: Vijana wa siku hizi hamtaki kusota. Sisi tulisomea kibatari.

Mpita Njia: Hii chai. Mwezi wa tatu huyuhuyu aliuliza hapa bei ya injini ya bodaboda, akasema mkewe ana mimba ya pili.

Bwashee Chipsi: Haina hata sukari. Leteni maandazi.

Kipanga Mchovu: Akaunti ni ya kaka yangu, tunatumia simu moja. Yeye ndiye mwenye boda.

Fundi Hesabu: Kaka huyo ndiye bro wa laki tatu?

Kipanga Mchovu: Mkuu, mbona unauliza hivyo?

Mama Kubwa: Mwanangu, hiyo boda imeshapata injini?

Kipanga Mchovu: Imepata juzi.